Trio ya saksafoni, na kwa nini hupiga nyimbo zilezile

Katika jazi, trio ya saksafoni ni watu watatu: mpiga saksafoni, mpiga besi na mpiga ngoma. Piano haimo, wala gitaa. Kwa hiyo hakuna chombo chenye kazi ya kupiga harmoni, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja chini ya melodi. Saksafoni hutoa noti moja moja, na besi nayo karibu muda wote ni hivyohivyo.

Pengo hilo huzibwa na wimbo wenyewe, ukiwa umezoeleka. Wanajazi huziita nyimbo hizo standadi. Nyingi zilitungwa Marekani kwa ajili ya filamu na maonyesho ya Broadway, yaani tamthilia za muziki za New York. Umbo linalopatikana sana ni baa 32 (baa ni kifungu kifupi cha mapigo, mara nyingi manne): kipande cha baa nane, kinarudiwa, kinakuja kingine tofauti, kisha cha kwanza kinarejea. Duru, yaani baa zote 32, ikiisha inaanza upya, na mpigaji anabuni melodi nyingine juu yake. Msikilizaji anayeujua wimbo anazo harmoni kichwani tayari, hivyo anasikia hata kisichopigwa. Asiyeujua anaweza kupotea duru ya pili tu. Ndiyo maana wanaodai kwamba kurekodi standadi ni uvivu sikubaliani nao, angalau kwa trio za aina hii.

Aliyeutangaza mtindo huu zaidi ni mpiga saksafoni Sonny Rollins. Machi 1957, huko Los Angeles, alirekodi albamu ya Way Out West pamoja na Ray Brown kwenye besi na Shelly Manne kwenye ngoma, akachanganya standadi na nyimbo za wachunga ng'ombe (uchaguzi wa kichokozi kwa mwanajazi wa New York). "I'm an Old Cowhand" inaanza kwa Manne kugonga mfano wa kwato za farasi anayetembea taratibu. Rollins anaingia bila haraka, anacheza na vipande vya melodi, ananyamaza, na katika kimya hicho besi ya Brown inasikika waziwazi, noti kwa noti. Piano ingeifunika.

Lee Konitz, naye mpiga saksafoni, alikwenda mbali zaidi katika albamu ya Motion, ya 1961, akiwa na Sonny Dallas kwenye besi na Elvin Jones kwenye ngoma. Nyimbo ni za kawaida kabisa, "All of Me" ikiwamo, lakini melodi asilia haionekani kumshughulisha sana, anabuni tu. Ukiisikiliza mara ya kwanza, uimbe wimbo kimoyomoyo huku ukiifuata besi.