Konekta ya safu ya pini ni nini?

Fungua redio au kidhibiti chaji cha sola kwenye meza ya fundi pale Mwanga, Kigoma. Utaona vijiti vya chuma vimesimama kwa mstari juu ya bodi, na kipande cha plastiki chenye nyaya kimechomekwa juu yake. Hiyo ndiyo konekta ya safu ya pini. Huunganisha njia nyingi za umeme kwa mkupuo mmoja, na bado unaweza kuichomoa kesho bila kushika pasi ya kulehemu.

Anayeibuni huanza na nafasi ya pini: umbali kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya inayofuata. Iliyozoeleka zaidi ni milimita 2.54, yaani sehemu ya kumi ya inchi. Ipo pia ya milimita 2.5, na hiyo ndiyo inayowachanganya wanunuzi. Kwenye pini 4 hutaona tofauti. Kwenye pini 20 kuna nafasi 19, kila moja imepungua 0.04, jumla milimita 0.76, ilhali pini yenyewe kwa kawaida ina upana wa 0.64. Ukilazimisha, unapinda pini.

Lakini kinachobeba umeme si plastiki. Ndani ya kila tundu kuna ulimi mdogo wa chuma unaoibana pini kama kibanio kinavyoshika kanga kambani. Shaba tupu haifai hapo, maana ikikunjwa haijirudi. Huchanganywa na bati na fosforasi kidogo ili iwe springi. Mbano ukilegea, mguso unapata moto. Ukizidi, zidisha kwa pini 40 uone kama mkono utatosha kuichomeka.

Ulimi huo hupakwa bati au dhahabu. Bati ni nafuu, ila hujifunika utando wa oksidi. Taa ya wavuvi wa dagaa inayotikiswa na mawimbi ya Tanganyika usiku kucha huusaga utando huo ukawa unga usiopitisha umeme. Dhahabu haina tabia hiyo, nayo inastahili gharama kwenye ishara dhaifu; kwa nyaya za betri, bati lililobanwa vizuri linatosha. Kuchomeka pini ya dhahabu kwenye tundu la bati ni kubaya zaidi: bati linasagika na kuchafua hata upande wa dhahabu.

Na ili isichomekwe kinyume, hukatwa pini moja, tundu lake likazibwa.