Pakiti ya bakteria ya maharage: kabla hujalalamika, ng'oa mche

Tangu masika yaishe, ofisini kwetu hapa Arusha tumepokea malalamiko mengi kutoka Arumeru, Hai na Moshi Vijijini kuhusu mbolea ya bakteria, ule unga mweusi unaochanganywa na mbegu za maharage au soya kabla ya kupanda. Wengi wanasema wameuziwa masizi. Wachache wanadai imewaletea ugonjwa shambani. Kwa kuwa maandalizi ya vuli yako mlangoni, tumeona tuyajibu yote mawili hadharani, pamoja na kueleza utaratibu wa kulalamika, maana wanaoufuata ni wachache mno.

Kilichomo kwenye pakiti ni rizobia, bakteria walio hai. Mzizi wa maharage hutoa kemikali zake kwenye udongo unaouzunguka. Rizobia wa zao hilo wakizitambua, nao hujibu kwa kemikali zao. Kinyweleo cha mzizi hujikunja, huwazingira, kisha huwafungulia njia mpaka ndani, na hapo ndipo kinundu, yaani kivimbe kidogo kwenye mzizi, hujengwa. Mmea unawalisha sukari, wao wanageuza naitrojeni ya hewani kuwa amonia ambayo mmea unaweza kuitumia. Ni maelewano ya kuchaguana: rizobia wa soya hawaisaidii maharage, hata muuzaji akikuhakikishia kwamba "zote ni kunde tu". Soma jina la zao kwenye pakiti.

Sasa, kabla hujaja kwetu, ng'oa mche maua yanapoanza kutoka. Usiuvute kwa mkono, maana vinundu vitabaki ardhini halafu utasema havikuwepo. Chimba kwa jembe kuzunguka shina, nyanyua na bonge lake la udongo, loweka kwenye ndoo mpaka udongo uachie wenyewe. Chukua kinundu ukipasue kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi. Rangi hiyo inatokana na protini ya ukoo mmoja na ile ya damu yetu, inayodhibiti oksijeni isiwazidi bakteria. Kikiwa cheupe, hakizalishi kitu. Kikiwa cha kijani, kimezeeka, na ukija wakati maganda yameshajaa utakuta vingi vya namna hiyo, jambo la kawaida kabisa.

Tunaletewa pia mizizi yenye vinundu vizuri, mwenyewe akisema ni minyoo fundo, vijidudu vya udongoni vinavyoivimbisha mizizi. Tofauti inaonekana kwa macho. Kinundu cha rizobia kimekaa ubavuni mwa mzizi, ukikisukuma kwa kidole kinabanduka. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba; hulibandui bila kuukata mzizi. Kuna watu wameng'oa mistari mizima ya maharage yenye afya kwa kosa hili, na afisa ugani alikuwa kijiji hichohicho.

Kwa nini basi mwingine haoni mabadiliko? Mara nyingi bakteria walikufa kabla ya kufika shambani. Pakiti imeanikwa juani siku ya soko, au imechanganywa na urea kwenye ndoo moja, au mbegu zilikuwa zile nyekundu zilizopakwa dawa ya kuua kuvu, ambayo nyingine huua na rizobia. Pakiti hukaa kivulini, pasipo joto. Mbegu hulowanishwa kidogo ndani ya beseni, unga ukanyunyizwa kwa kipimo cha pakiti, zikapandwa siku hiyohiyo na kufukiwa mara moja. Na ukishamwaga urea nyingi shambani, mche hauna sababu ya kuwalisha bakteria. Hujengi vinundu, unajenga majani.

Tuseme ukweli pia, ambao baadhi ya mawakala hawausemi. Maharage si hodari wa kujitengenezea naitrojeni kama soya, na kwenye vihamba vilivyolimwa maharage miaka na miaka tayari kuna rizobia wenyeji wanaoshindana na wa pakiti. Tofauti inaweza kuwa ndogo, au isionekane. Soya kwenye shamba lisilowahi kuota soya ndiyo huitikia vizuri zaidi. Udongo ukikosa fosforasi, ukiweka pakiti kumi hazisaidii. Hapo anza na mbolea ya kupandia yenye fosforasi, ikiwemo ile ya Minjingu.

Kuhusu ugonjwa, tunarudia kwa mara nyingine: rizobia hawasababishi mnyauko wa nyanya. Wa nyanya ni Ralstonia, bakteria mwingine kabisa, anayeingia kupitia majeraha ya mizizi na kuziba mishipa ya maji. Anasafiri kwa maji ya mfereji, udongo uliong'ang'ania jembe na miche iliyoambukizwa. Mkulima wa Ngarenanyuki anayemshuku akate shina karibu na ardhi, alining'inize kwenye glasi ya maji masafi, asiitikise. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka ndani ya dakika chache, ni yeye. Usipande tena nyanya, viazi mviringo, bilinganya wala pilipili hapo msimu unaofuata, na hakuna dawa ya kupuliza itakayokuponyea mche huo, hata ukiuziwa kwa bei gani.

Sasa malalamiko. Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 inataka mbolea na visaidizi vyake visajiliwe TFRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, na muuzaji awe na leseni. Kuuza isiyosajiliwa, kuuza bila leseni, au kuuza iliyochakachuliwa ni makosa. Mhusika akitiwa hatiani anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili, na mzigo kutaifishwa. Lakini hakuna anayeshtakiwa kwa maneno ya kijiweni. Tunahitaji pakiti yenyewe, hata tupu, ikionyesha namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Risiti ya EFD. Jina la zao na tarehe ya kupanda. Ukiwa na mistari michache uliyoipanda bila bakteria shamba hilohilo, tunaweza kulinganisha. Bila hiyo tunabaki kukisia. Aliyenunua unga uliopimwa kwa kijiko kutoka pakiti iliyofunguliwa asitegemee tumsaidie: hana namba ya toleo, na bakteria wenyewe huenda walishakufa dukani.

Miche ya sampuli iletwe ikiwa na mizizi, imefungwa kwenye gazeti lililoloweshwa, siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi. Inayofika ndani ya mfuko wa plastiki baada ya wiki huwa imeshaoza, na hapo hatupimi chochote.