Kabla hujaniambia "utafiti umesema", niambie nani hayumo

Karibu kila wiki kuna mtu ananitumia kipande cha utafiti. Kakata sentensi moja kwenye muhtasari, kaibandika, chini kaandika "umeona hii?" Mara kampuni zenye bosi wa aina fulani zinapata faida zaidi, mara nchi zikifika deni kiasi fulani uchumi unadumaa. Sasa mi kazi yangu ndo hiyo, kusoma makala za biashara, uongozi na sera za umma halafu niwaambie wanaotoa maamuzi ipi waiamini na ipi waiache, na kadiri miaka inavyoenda nimegundua swali langu la kwanza sio nani kaandika wala imetoka jarida gani. Naanza na hili: humo kwenye data, nani hayumo?

Tuanze na ile staili inayopendwa kuliko zote. Unataka kujua siri ya mafanikio, unachukua kampuni zilizofanikiwa, unaangalia zinafanana nini, unatoa orodha. Inaingia akilini kabisa. Tatizo ni kwamba zile zilizofanya mambo yaleyale zikafa hazimo, hakuna aliyekwenda kuzihoji maana hazipo tena.

Mfano unaojulikana ni kitabu cha 2001 cha Jim Collins, mwandishi wa vitabu vya biashara, kinaitwa Good to Great. Alianza na kampuni 1,435 akachuja mpaka zikabaki 11. Moja ilikuwa Circuit City, ambayo mwishoni mwa 2008 iliomba ulinzi wa mufilisi na 2009 ikafunga maduka. Nyingine Fannie Mae, Septemba 2008 serikali ya Marekani ikabidi iichukue chini ya usimamizi wake. Kusema haki, Collins alikuwa na kampuni za kulinganishia, hakuwa mzembe hivyo, ila nazo zilichaguliwa kwa kuangalia matokeo ambayo tayari yanajulikana. Na hapo kuna mtego mwingine: ukimuuliza mtu habari za bosi wa kampuni inayopaa atakwambia ana maono, jasiri, anajua anachotaka, kampuni ikianguka mtu yuleyule atakwambia bosi alikuwa mbishi hasikilizi. Tabia ni ileile, kilichobadilika ni hesabu za mwisho wa mwaka.

Lakini usidhani hii ni ishu ya vitabu vya biashara tu. Kesi ninayoipenda zaidi imetoka kwa wachumi wakubwa kabisa, na ilikuwa na madhara kwa sababu wanasiasa waliibeba.

2010, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa makala kuhusu deni la serikali na ukuaji wa uchumi. Nchi 20 zilizoendelea, kuanzia 1946 mpaka 2009. Namba iliyotikisa watu: deni likivuka asilimia 90 ya pato la taifa, wastani wa ukuaji ni asilimia hasi 0.1, yaani uchumi unarudi nyuma. Ilikuja wakati ambao serikali nyingi zilikuwa zinabishana kubana matumizi au la, kwa hiyo unaweza kufikiria ilivyopokelewa. Mpaka mapendekezo ya bajeti ya mwanasiasa Paul Ryan kwenye bunge la Marekani mwaka 2013 yaliinukuu.

Sasa kuna mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, alipewa zoezi la darasani, chukua makala maarufu urudie hesabu zake. Akarudia, zikakataa. Akajaribu tena, bado. Mwisho akawaandikia wenyewe na wakampa faili lao la Excel (hilo nawapa maua yao, wengi hawatoi). Akafungua, akakuta fomula ya wastani imeishia njiani. Nchi tano za mwanzo kwa alfabeti ya Kiingereza, Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark, hazimo. Hakuna aliyeamua kuzitoa, ni kwamba zile seli, vile visanduku vya namba, hazikuchaguliwa.

Watu walicheka sana hiyo ya Excel, ila mi naona haikuwa hata kosa kubwa zaidi, peke yake ilisogeza namba kidogo tu. Kubwa lilikuwa New Zealand. Nchi ile ilikuwa na miaka mitano ya deni kubwa, 1946 mpaka 1949 na 1951. Ile minne ya mwanzo haikuingizwa, ukabaki mwaka mmoja, 1951, ambao uchumi wake ulisomeka umeshuka asilimia 7.6. Halafu kwa vile walichukua wastani wa kila nchi kwanza ndo wakachukua wastani wa nchi zote, mwaka mmoja wa New Zealand ukawa na uzito sawasawa na miaka 19 ya Uingereza. Miaka 19! Herndon na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, walipozirudisha data na kubadilisha mizani, ile hasi 0.1 ikawa chanya 2.2. Reinhart na Rogoff walikubali kosa la Excel, ila wakasema bado deni kubwa linaenda na ukuaji mdogo, na ni kweli hata kwa hesabu mpya ukuaji ulikuwa chini kuliko kwenye nchi zenye deni dogo. Kilichoyeyuka ni ule ukuta wa asilimia 90, ile hisia kwamba ukivuka pale unadondoka. Na bajeti zilishaandikwa.

Basi upande wa pili, waliofanya vizuri. Wachumi David Card na Alan Krueger walitaka kujua ukipandisha kima cha chini cha mshahara waajiri watapunguza watu au la. Aprili 1992 New Jersey ilitoka dola 4.25 kwa saa ikaenda 5.05, na jirani yake Pennsylvania haikugusa kitu. Wakahoji migahawa 410 ya vyakula vya haraka pande zote mbili, kabla na baada, na hawakuona ajira ikishuka New Jersey ukilinganisha na kwa jirani. Watu wamebishana juu ya hiyo kwa miaka, na ubishi mwingine ni wa maana, lakini mi kinachonivutia ni kitu kidogo: duru ya pili ilipofika, migahawa ambayo haikujibu simu hawakuiacha hivihivi, walimtuma mtu aende mpaka mlangoni. Iliyokutwa imefungwa moja kwa moja ikahesabiwa kuwa na wafanyakazi sifuri. Fikiria wangeiacha. Mgahawa uliouawa na mshahara mpya ungepotea kwenye hesabu, na jibu lingependeza kwa uongo.

Na wapo wasiokuwemo wa aina nyingine kabisa, ambao hata ukisoma makala mpaka tanbihi hutawaona, nao ni utafiti wenyewe. Watafiti Annie Franco, Neil Malhotra na Gabor Simonovits walifuatilia tafiti 221 za sayansi ya jamii zilizofadhiliwa na mpango mmoja, kwa hiyo walijua orodha kamili ya zilizofanyika, sio zilizochapishwa tu. 2014 wakatoa majibu: tafiti zenye matokeo ya nguvu zilizidi zile zisizoona kitu kwa pointi 40 za asilimia kwenye nafasi ya kuchapishwa. Na tofauti kwenye kuandikwa tu ilikuwa pointi 60! Maana yake wahariri sio wakosaji pekee, watafiti wenyewe wakiona "hakuna kitu" wanafunga faili wanahamia kazi nyingine. Nawaelewa, nami nina mafaili yangu mawili ya hivyo. Ila ukiniletea makala kumi zinazokubaliana, siwezi kuacha kuwaza zile ambazo mtu alizimaliza akazilalia.

Kwa hiyo mtu akinitumia makala siku hizi naruka muhtasari, naenda moja kwa moja kwenye majedwali, naangalia ile N, yaani idadi ya waliohesabiwa, ya chini kabisa kwenye kila safu. Ikianza kubwa ikapungua kadiri unavyokwenda kulia, kuna watu wameshuka njiani, na nataka kujua walishukia wapi. Hata kwa Card na Krueger ile 410 inafika 357 kwenye jedwali lao kuu, ila wamekwambia palepale kwamba ni migahawa yenye data za ajira na mshahara kwa duru zote mbili. Nikikuta N imepungua na chini ya jedwali hakuna hata mstari mmoja wa maelezo, namrudishia aliyenitumia na swali moja tu.