Soda na Biskuti, au Dola? Kuhusu Kulipwa kwa Kutoa Plazma

Kila tukienda kukusanya damu, iwe uwanjani Makadara hapa Mombasa, shuleni au kwenye ukumbi wa msikiti, hakosekani kijana wa kuuliza: "Kule Marekani watu walipwa dola. Mbona hapa mwatupa soda na biskuti?" Ni swali la haki, na kumjibu "damu haiuzwi" kisha ukanyamaza hakumtoshi, kwani kijana amesema kweli. Wanalipwa.

Kinacholipiwa huko ni plazma, yale majimaji ya manjano yanayobaki damu ikishatolewa seli zake. Ni kama asilimia 55 ya damu yote. Sehemu kubwa ni maji tu. Kinachotafutwa ni protini zilizomo: albumini, kingamwili, na vigandishi vya damu ambavyo mgonjwa wa hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, hana au anavyo kidogo. Mtoaji huunganishwa na mashine inayovuta damu, inachukua plazma na kumrudishia seli nyekundu. Ni shughuli ya saa moja hivi. Damu isigande kwenye mipira, hutiwa kemikali iitwayo sitreti, nayo hushika madini ya kalisi ya mwilini, ndiyo maana mtoaji huhisi ganzi midomoni na kwenye ncha za vidole. Muuguzi hupunguza kasi ya mashine na ganzi huondoka.

Kwa kuwa seli nyekundu zimerudi, mtu huyu aweza kutoa tena mapema kuliko aliyetoa damu nzima. Mapema kiasi gani? Marekani yaruhusu mara 2 kila siku 7, yaani zaidi ya mara 100 kwa mwaka. Ujerumani, ambako mtoaji pia hupewa fidia, kikomo ni mara 60. Uingereza, ambako hapana malipo, ni mara moja kila wiki 2. Mwili wa binadamu ni ule ule kote huko. Mimi naona tofauti hizo zina harufu ya soko kuliko ya maabara.

Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi tangu 1975 zitegemee watoaji wa hiari wasiolipwa, na Kenya imefuata njia hiyo. Sababu ya kwanza ni usalama, nayo yaanzia kwenye fomu ya maswali kabla hata ya sindano. Twauliza: umekula? Umelala vya kutosha? Umepata mpenzi mpya hivi karibuni? Umechanjwa chale, umetoboa mwili? Maabara hupima virusi vya ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, lakini aliyeambukizwa juzi aweza kuwa bado hajaonyesha kitu kwenye kipimo. Hapo kinga ni ulimi wake. Asiyelipwa akisema "ndiyo, nimepata mpenzi mpya," hapotezi chochote. Mwenye kodi ya nyumba ya kulipa jioni ile akisema hivyo, amejinyima chakula.

Mifano ya madhara ipo. Katika mkoa wa Henan, China, miaka ya 1990, wakulima walinunuliwa plazma. Seli nyekundu za watu wengi zikachanganywa kisha wakarudishiwa, na ukimwi ukapita vijiji kwa vijiji. Uingereza, miaka ya 1970 na 1980, wagonjwa wa hemofilia walipewa dawa ya plazma iliyonunuliwa Marekani, nyingine ikiwa ya wafungwa. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti Mei 2024 ilisema walioambukizwa kwa dawa hizo na kwa damu ya kuongezwa ni zaidi ya 30,000. Lakini tusisimulie nusu ya kisa: wengi wa watu hao walipata homa ya ini C kupitia damu ya kuongezwa, damu iliyotolewa bure na Waingereza wenyewe. Kutolipa bila kupima vizuri hakumkingi mtu.

Isitoshe, dawa za plazma leo husafishwa kwa joto na kemikali za kuua virusi, kwa hiyo hoja ya usalama imepungua uzito kwa upande wa viwanda. Haijapungua kwa plazma iliyogandishwa kwenye friza zetu, ile apewayo mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Hiyo hutoka mkononi mwa mtoaji hadi mkononi mwa mgonjwa bila kupita kiwandani.

Sababu ya pili ni nani anayebeba mzigo. Vituo vingi vya Marekani viko mitaa ya watu wa kipato cha chini na kando ya mpaka wa Mexico. Mwaka 2021 serikali yao ilizuia Wamexico kuvuka kwa viza ya utalii kwenda kuuza plazma. Mwaka 2022 mahakama ikalisimamisha zuio hilo. Simlaumu anayevuka, ana watoto. Nailaumu hali inayofanya mkono wake uwe ndio kazi yake.

Hata hivyo tusijitie utakatifu. Karibu thuluthi mbili ya plazma ya kutengenezea dawa duniani hutoka Marekani, na kwa watu waliolipwa. Kichupa cha kigandishi anachodungwa mtoto wa Kisauni mwenye hemofilia huenda kimeanzia kwenye mshipa wa mtu wa namna hiyo. Akitusikia twamwita muuza mwili, atacheka.

Na sisi wenyewe je? Jamaa ya mgonjwa huambiwa walete watu wawili wa kutoa damu. Ndugu wako Mariakani na Lunga Lunga, ujumbe wazunguka WhatsApp, "nauli na chai juu yetu", hadi anajitokeza dalali aliye na "binamu" wa kukodi. Huyo "binamu" ni mtoaji wa kulipwa, ila huyu hana hata daktari wa kumfuatilia. Ndiye anayeniogopesha kuliko yule wa Marekani, maana atadanganya kila swali, kuanzia jina.

Waislamu wengi hapa wataikumbuka hadithi katika Bukhari inayokataza thamani ya damu. Wako wanazuoni walioifasiri kuwa ni ujira wa kuumika. Kutoa kwa hiari kuokoa nafsi hakuna shida, na wakati wa Ramadhani waweza kutoa usiku baada ya kufuturu.

Kati ya kununua na kutojali, Italia wamepata njia: mtoaji halipwi, ila sheria yampa siku ya mapumziko yenye mshahara. Ningependa waajiri wa bandarini na wa mahoteli wafikirie jambo hilo. Nauli ya matatu kurudishwa, chai, ruhusa ya nusu siku, hayo hayamfanyi mtu aongope kwenye fomu. Bei kwa kila mfuko itamfanya.

Ukiwa na miaka 16 hadi 65 na uzani wa kilo 50 au zaidi, fika kituo cha damu kilicho ndani ya eneo la Hospitali Kuu ya Pwani. Mwanamume aweza kurudi baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Na mgonjwa wako akihitaji damu, mtu akakudai pesa ya "kuitafuta", usimpe. Muulize msimamizi wa wodi, na udai risiti ya kila unacholipa.