Hamsini, thelathini, na gari juu ya njia ya miguu: tunayoyaamini Dodoma na hali ilivyo

"Barabara zetu pana, hamsini si mwendo." Hili ndilo ninalolisikia zaidi kila ukitajwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa mitaani badala ya 50, na siwezi kusema halina chembe ya mantiki. Ukitoka Dar es Salaam ukaja huku, lami imenyooka, na saa nne asubuhi unaweza kwenda kutoka Ipagala mpaka Makole ukahisi barabara ni ya babu yako. Ila upana haumlindi anayevuka, unamrefushia safari. Mama mwenye ndoo kichwani anakaa mbele ya magari muda mrefu zaidi, na dereva akiona mbele kweupe, mguu unazama wenyewe.

Tupige hesabu. Gari la kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde, na sekunde moja ndiyo dereva aliye macho huitumia kushtuka na kupeleka mguu kwenye breki. Likiwa kwenye 30, sekunde hiyo inakula mita 8 na kidogo. Kwenye lami kavu na breki nzima, la 30 litakuwa limesimama kabisa ndani ya mita 13 hivi. La 50, katika mita hizohizo 13, halijaanza hata kupunguza mwendo. Litasimama karibu na mita ya 28. Kwa hiyo mtoto akichomoka mita 15 mbele yako akifuata mpira kule Chang'ombe, dereva wa kwanza atamfokea, wa pili atamgonga kwa mwendo unaoua. Uhodari wa usukani haubadilishi hesabu hiyo, wala miaka ishirini ya leseni.

Kuna pia wanaodhani 50 ndio mwendo ambao sheria inakutaka uende. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 imeiweka kuwa kikomo kwenye maeneo ya makazi. Ni dari. Lakini kwa namna tunavyowashiana taa kuonyana kuwa mbele kuna trafiki na tochi ya kupima mwendo, ungedhani kikomo kipo pale tochi ilipo tu.

"Tutachelewa kazini." Kilomita 3 kwa 50 ni dakika 3 na sekunde 36; kwa 30 ni dakika 6. Hapo nimekupa barabara tupu, isiyo na tuta, bajaji wala mbuzi, na nimechukulia kwamba kilomita zote 3 ni za mtaani. Nani ana safari hiyo? Mtaani utaendesha mita mia chache kisha utaingia barabara kubwa.

"Hayo ni mambo ya Wazungu." Wazungu wenyewe waligombana. Wales iliposhusha kikomo cha barabara nyingi za makazi kutoka maili 30 hadi 20 kwa saa (kama 50 hadi 30 kwa kilomita zetu) Septemba 2023, watu zaidi ya 460,000 walitia saini kupinga. Baadaye halmashauri zikaruhusiwa kurudisha mwendo wa zamani kwenye baadhi ya barabara. Hata hivyo, mwaka wa kwanza majeruhi wa barabara za aina hiyo walipungua takribani robo. Huku kwetu, mradi wa usalama wa watoto karibu na shule wa shirika la Amend, ulioanzia Dar es Salaam, ulipata tuzo ya kimataifa ya miji iitwayo WRI Ross mwaka 2019. Kazi yake ni ya kawaida kabisa: matuta, vivuko, njia za miguu, nguzo za kuzuia magari.

Tena sisi wa Dodoma ndio wa mwisho kusema ni mambo ya Wazungu. Mpango Mkuu wa makao makuu wa 1976, uliochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, ulitanguliza mtembea kwa miguu, baiskeli na basi. Ndiyo, waliochora walikuwa wageni, lakini mji walioombwa kuuchora ulikuwa wa watu wasio na magari. Wengi wetu bado hatuna.

Sasa twende kwenye kupaki juu ya njia ya miguu. "Nimeacha upenyo, mtu anapita." Upenyo wa nani? Kiti cha magurudumu kinahitaji kama sentimita 90 kupita kwa raha. Asiyeona, mwenye fimbo nyeupe, haoni upenyo wako, anakutana na bampa. Wilaya jirani ya Chamwino ina shule ya wasioona ya Buigiri. Wanaosoma pale nao huja mjini. Wakikuta gari wanashuka barabarani, au wanaukaribia mtaro usio na mfuniko.

Ninajua kwa nini tunapanda juu, nami nimewahi kupanda. Jua la Dodoma halina adabu, na mwarobaini umeota pembeni, palepale pa waenda kwa miguu. Gari linafuata kivuli, na anayetembea anapoteza njia na kivuli kwa mpigo. "Dakika tano tu" nazo zikifuatana kutwa, gari moja baada ya jingine, kwa anayetembea ni siku nzima. Vigae vilivyotandikwa kubeba miguu vinatitia na kupasuka chini ya gari kama Noah, na kuvitengeneza ni fedha zetu. London imepiga marufuku kupaki juu ya njia ya miguu tangu 1974, na maduka yake hayajafungwa.

Mwisho ni hili la "Jiji liamue tu, liweke vibao." Jiji lina sheria ndogo zake, lakini barabara kuu zinazoingia mjini kutoka Dar es Salaam, Iringa, Singida na Arusha ni za TANROADS, wakala wa barabara kuu; za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, na anayesimamisha gari ni polisi wa usalama barabarani. Ukitaka tuta au kibao cha 30 mbele ya shule, kwanza jua barabara ni ya nani. Mwenyekiti wa mtaa na diwani wako huwa wanajua, na barua yenye sahihi za majirani huwasaidia kukusemea.