Sola ya angani au nyuklia: ukubwa wa mtambo ndio unaonikosesha usingizi

Kila stima inapokatika Mombasa nzima, hakosi mtu wa kuniuliza: kwa nini tusivune jua kule juu angani, tukaachana na habari za nyuklia? Kazi yangu ni gridi, yaani mtandao wa umeme wa nchi nzima, na swali hili nalipenda. Anayeuliza ameshaona udhaifu wa sola za paani: jua linatua saa kumi na mbili na nusu, na saa moja ndipo kila nyumba inawasha taa, pasi na televisheni. Pengo hilo tunaliziba kwa mitambo ya mafuta ya Kipevu na Rabai, kwa gharama na moshi.

Wazo la sola ya angani lilitolewa na mhandisi Peter Glaser mwaka 1968. Setilaiti yenye paneli inawekwa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Huko kila mita mraba hupata wati 1,361 za jua, hakuna mawingu, na usiku karibu haupo. Umeme unageuzwa kuwa mawimbi ya maikrowevu, unarushwa chini, na uwanja wa antena unaugeuza tena kuwa umeme. Inawezekana. Mwaka 1975, huko Goldstone, California, zaidi ya kilowati 30 zilipokewa hewani kutoka umbali wa kilomita moja na nusu. Mwaka 2023 wanasayansi wa Caltech, chuo cha huko huko California, walirusha mawimbi kutoka kwenye chombo kilichokuwa angani hadi paa la chuo chao Pasadena. Kilichofika kilitosha kusomwa na vipimo tu.

Kikwazo kinaanzia kwenye fizikia. Wimbi la sentimita 12 likisafiri mbali hivyo hutawanyika. Hata antena ya kurushia ikiwa na upana wa kilomita moja nzima, duara litakalotua huku chini litakuwa na upana wa kilomita 10 hivi, eneo linalozidi kisiwa cha Mombasa mara tano. Sisi wa ikweta tuna nafuu, maana setilaiti ingekuwa karibu utosini. Ulaya mawimbi yangeingia kwa mshazari na uwanja ungelazimika kurefuka zaidi. Kuna wanaoogopa kwamba mawimbi hayo yangetuchoma. Katika usanifu wa NASA wa miaka ya 1970, nguvu katikati ya duara ilikuwa wati 230 kwa mita mraba, chini ya robo ya jua letu la adhuhuri. Hilo halinitishi. Kinachonitisha ni uzito: ripoti ya NASA ya Januari 2024 ilichunguza setilaiti za maelfu ya tani, wakati kituo cha kimataifa cha anga, kilichojengwa kwa miaka zaidi ya kumi, kina tani 420 hivi. Muundo ulio nafuu ungetoa yuniti moja kwa senti 61 za dola. Nani ataweza kulipa?

Nyuklia ipo na inafanya kazi. Koeberg, Afrika Kusini, inazalisha umeme tangu 1984 kwa kupozwa na maji ya bahari. Barakah ya Falme za Kiarabu, vinu vinne vya jumla ya megawati 5,600, inatoa robo ya umeme wa nchi ile. Kwa leo, kati ya hivi viwili, mimi nachagua nyuklia bila kusitasita.

Ila si nyuklia ya ukubwa wowote. Mwaka 2025 matumizi ya juu kabisa ya Kenya yalizidi megawati 2,300, na mpango uliotangazwa ni kinu cha 1,000. Gridi yetu inakwenda kwa hezi 50, yaani mizunguko 50 kila sekunde. Mtambo mkubwa ukizima ghafla, namba hiyo inaanza kushuka palepale, kwa sekunde chache tu. Ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, rilei, yaani swichi za kulinda gridi, zinakata laini zenyewe, mtaa baada ya mtaa, ili kuokoa kilichobaki. Zikichelewa, mitambo mingine nayo inajitoa kujilinda, na nchi nzima inaingia gizani. Ni jahazi lililopakia mzigo mmoja mzito: ukiteleza huo, chombo kinalala. Kanuni tunayoifuata sisi wa gridi ni kwamba mtambo mmoja usizidi sehemu ya kumi ya gridi. Setilaiti ya megawati 2,000 ingekuwa hatari zaidi hata ya kinu.

Tena usiku wa manane matumizi yetu hushuka hadi karibu nusu, na mvuke wa jotoardhi wa Olkaria huachiwa upotee hewani kwa kukosa wa kuutumia. Umeme usiolala, uwe wa angani au wa kinu, ungetukuta tumelala. Ndiyo maana mimi ningeanza na betri kubwa pale Rabai, zijazwe usiku na zitumike kuanzia saa moja jioni.

Wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliupinga mradi wa kinu mwaka 2024, na sasa mazungumzo yamehamia Siaya. Walikuwa na haki: maji ya kupoza kinu hurudi baharini yakiwa na joto, na jirani yao ni mikoko ya Mida. Huko Siaya naomba wapangaji waanze na vinu vidogo. China ina mtambo wa vinu vya aina hiyo, wa megawati 210, huko Shidao Bay, ulioanza kazi ya kibiashara Desemba 2023. Mtambo wa ukubwa huo ukizima ghafla, akiba ya mitambo mingine inaweza kuziba pengo kabla rilei hazijaanza kukata mtaa wowote.