Sarafu ya majaribio: mifano kutoka Japani ya kifalme

Sarafu ya majaribio hutengenezwa ili itazamwe na kupimwa, si ili inunue kitu sokoni. Kiwanda cha serikali hupiga vipande vichache vyenye mchoro, ukubwa au madini yanayopendekezwa, na wenye mamlaka huamua. Vikikubaliwa, uzalishaji huanza. Vikikataliwa, huyeyushwa, isipokuwa vichache vinavyohifadhiwa.

Japani ya kifalme ni mahali pazuri pa kuielewa dhana hii, kwa kuwa ilibadilisha sarafu zake mara nyingi mno. Kiwanda cha Osaka kilifunguliwa mwaka 1871 kwa mitambo iliyonunuliwa kutoka kiwanda cha Hong Kong kilichokuwa kimefungwa. Kazi ya kunakshi joka la sarafu mpya alipewa Kano Natsuo, fundi aliyejijengea jina kwa mapambo ya panga. Mkono wa fundi huyo ndio unaofanya sarafu za enzi ya mfalme Meiji (1868–1912) zipendeze hadi leo.

Baadaye kilicholazimisha majaribio kilikuwa bei ya madini. Sarafu za madini ya fedha za sen 50 (sen 100 ni yeni moja) za miaka 1918 na 1919, zinazojulikana kwa jina la Yatagarasu, kunguru wa miguu mitatu wa hekaya za Kijapani, hazikuwahi kutolewa kwa umma, kwani madini hayo yalipanda bei. Mwaka 1922 ikatoka sen 50 ndogo zaidi.

Vita vya Pili vya Dunia vilizidisha mambo. Nikeli ilihitajika jeshini, ikaja alumini. Alumini ikahitajika kwa ndege, ikaja stani (madini ya bati). Stani nayo ilipoadimika, mwaka 1945 serikali iligeukia kauri, na wafinyanzi wa Kyoto, Seto na Arita wakapewa kazi ya kutengeneza pesa za udongo. Kipande cha sen 1, chekundu-kahawia, kina Mlima Fuji. Vita vilipokwisha Agosti, shehena iliamriwa isagwe; vipande vilivyosalimika ndivyo wanavyovitafuta wakusanyaji.

Wauzaji wengi huviita hivi vya kauri sarafu za majaribio. Mimi nasisitiza tofauti: sampuli chache za kupima udongo, mchoro na ukubwa ni majaribio kweli, lakini mamilioni ya sen 1 yaliyokwisha kuchomwa tanuruni yakisubiri kutolewa yalikuwa pesa kamili ambazo hazikutolewa. Kinachotenganisha ni kusudi la kutengenezwa, wala si uadimu wake.